Si doa, ni dole

Saa tano asubuhi, siku ya mechi. Barabara ya kwenda uwanjani mjini Ruangwa imeshaanza kujaa jezi na mavuvuzela. Biasha Masoudi amefunga kamba mbele ya ghala ambalo halitapokea korosho mpaka msimu ufunguliwe, na kwenye kamba ametundika magunia kumi na tisa.

Si ya kubebea mzigo. Yamewambwa kwenye fremu za mbao na kuchorwa kwa udongo: wanawake wanatwanga, mkorosho umeinama kwa mabibo, kanga wawili wanakimbia kana kwamba wamesikia jina lao likitajwa jikoni.

"Mama, korosho zake ziko wapi?" anauliza kijana mmoja wa jezi. Wenzake wanaangua kicheko.

"Zimeingia kwenye picha. Toa macho uzitafute," anajibu Biasha bila kugeuka. Mdomoni amebana misumari mitatu, mgongoni amembeba Imrani, mwanawe wa miezi kumi.

Kijana anasogea kwenye picha ya kanga. Kwenye kona ya chini anaona alama nyekundu, kama mtu aliyeshika tope akasahau kunawa. Analamba kidole, anataka kusaidia kuifuta. Biasha anaudaka mkono wake hewani.

"Acha! Hilo si doa, ni dole."

"Dole la nani?"

"La mwenyewe aliyechora. Wewe shuleni hukuandika jina kwenye daftari?"

Kijana anarudi nyuma mikono juu, kama beki aliyeonywa na refa. Biasha anacheka, lakini jicho lake linarudi mwisho wa kamba. Pale nguzoni kuna msumari mmoja mtupu. Watu wameuomba tangu asubuhi watundike mikoba yao, amewakatalia.

"Ule una mwenyewe," anasema. "Akija, amekuja. Asipokuja, utabaki mtupu hivyo hivyo watu wauone."

Biasha ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni ufundi wa fremu, karibu na soko la Nachingwea. Alijifunza kwa baba yake, fundi seremala, aliyekuwa akimwambia kwamba mbao haijali aliyeishika ni mwanamume au mwanamke, inajali msumeno tu. Wateja wake humletea picha za mahafali, vyeti vya ndoa na aya za kuweka sebuleni. Mwezi mzuri humbakishia shilingi laki mbili. Mwezi mbaya, anasema, "tunakula mihogo na kumshukuru Mungu kwa muhogo."

Haya ya magunia yalimpata bila kuyatafuta. Miaka saba iliyopita alikwenda Ruponda kwenye shughuli ya mwali. Akakuta watu wanacheza uani, yeye akabaki barabarani akiukodolea macho ukuta. Nyumba nzima ilikuwa imechorwa kwa udongo mweupe, mwekundu na masizi. Aliyechora alikuwa ameketi kando anapeta ufuta: Bibi Ashura, ambaye kijiji kizima humwita Binti Rashidy, kwa jina la baba yake, kama wanavyoitwa wanawake wengi wa rika lake huku Kusini.

Malipo yake yalikuwa kuku mmoja na kilo mbili za sukari.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, Biasha akarudi kuuangalia ukuta. Hakukuta kitu, tope tupu. Akamuuliza bibi kama hasikii uchungu.

"Uchungu wa nini?" Binti Rashidy alimjibu. "Mvua ikifuta, nachora tena. Mvua haijawahi kusema hainijui."

Maneno hayo Biasha aliyaelewa baadaye sana.

Wakakubaliana wajaribu gunia, lile lililochakaa lisiloweza tena kushika korosho. Wakalifua, wakaliwamba kwenye mbao, wakalipaka uji mzito wa muhogo wenye chumvi ili mende wasilitafune. Udongo mwekundu ulichotwa kwenye kichuguu, mweupe ulitoka bondeni, na masizi ya chungu yalichanganywa na utomvu wa mkorosho yapate kushika. Gunia la kwanza lilipasuka lilipokauka, kwa sababu uji ulikuwa mwepesi. "Mpishi alikuwa mimi," Biasha anakiri. La pili lipo mpaka leo. Ndilo la wale kanga wawili.

Leo wachoraji wake ni wanane, wote wanawake wa Ruponda, Mtua na vijiji vya jirani. Yeye hachori. "Mimi nikichora ng'ombe, watu wanauliza hiki kiti cha nani," anasema. Kazi yake ni kuwawambia magunia, kuwatafutia ukuta wa maonyesho, na kuwasema.

Kuwasema ndiko kugumu. Usiuze asubuhi hujala, kwa sababu mwenye njaa hukubali bei ya kwanza. Piga picha ya kazi yako kabla haijatoka mlangoni, hata kwa simu ya kuazima. Na katika kila kazi kumi, moja isiuzwe, ibaki kwa Biasha iwe kumbukumbu. Hizo zimefika arobaini na saba. Zinaning'inia juu ya kitanda chake kwa hofu ya mchwa, na Imrani hulala huku akinyoosha mkono kuwataka kanga.

Lakini kanuni ya kwanza ni jina. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Hilo la dole alilileta Binti Rashidy mwenyewe. Biasha alijitolea kumwandikia jina lake kwenye kona, bibi akakataa katakata.

"Mwandiko wako ni wako, mwanangu, si wangu," alisema. "Mimi korosho zangu nauza kwa dole. Shamba la marehemu baba nimegawiwa kwa dole. Hata laini ya simu nimesajili kwa dole. Serikali inalijua, watu wa simu wanalijua. Kwa nini picha isilijue?"

Akalichovya kwenye udongo wa kichuguu, akaligandamiza. Tangu siku ile, hata wale wanaojua kuandika wakaanza kuweka dole pembeni ya majina yao.

Mwaka jana akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, mwenye duka la picha. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, anaita kila mwanamke "mama yangu" au "dada yangu". Alichukua magunia matatu ya Binti Rashidy kwa shilingi elfu sitini kila moja. Kijijini ilikuwa sherehe. Bibi alinunua bati, akafunika jiko lake.

Miezi miwili baadaye, mtu wa Nachingwea anayeishi Dar alipita dukani humo, akapiga picha kwa simu, akamtumia Biasha. Magunia yalikuwa ukutani ndani ya fremu nyeusi za kung'aa, bei shilingi laki nne na nusu. Chini ya kila moja kulikuwa na kikaratasi: "Sanaa ya asili ya Kusini. Msanii hajulikani."

Biasha akaikuza picha kwa vidole viwili, akatafuta kona. Kona haikuwepo. Ilikuwa imekatwa.

Akapiga simu pale pale, simu begani, mtoto titini.

"Dada yangu, usipaniki," mnunuzi alimwambia. "Zile picha zilikuwa na doa la tope pembeni. Tumepunguza kidogo zikae vizuri kwenye fremu."

"Hilo ni jina lake."

"Jina gani, dada? Ni tope."

"Na hicho kikaratasi? Msanii hajulikani na nani? Ulikula kwake! Ulikula kisamvu chake ukaomba kuongezewa!"

Mnunuzi akasema wageni hupenda zaidi kitu kisicho na mwenyewe, kinaonekana cha kale. Halafu akatoa oda: magunia ishirini kwa mkupuo, shilingi elfu themanini kila moja. Sharti moja tu. Yasiwe na madoa.

Biasha anasema alimtazama mtoto kwanza. Kisha akamwambia yule bwana atafute magunia matupu, hayo hayana mwenyewe, yamejaa tele.

Kukata simu kulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kwenda kuwaambia wenzake.

Magreti, mchoraji wa Mtua mwenye watoto wawili sekondari, alisimama kikaoni akamsomea mashtaka. "Jina linaliwa, Biasha? Linasongwa ugali? Wewe una fremu zako za mahafali. Sisi umetukatia mkate kwa ajili ya kidole!"

"Leo kidole," Biasha alimjibu. "Kesho atasema hata mikono haikuwepo, yalijichora yenyewe."

"Basi yangejichora, nilipe ada!"

Waligombana mpaka chai ikapoa. Magreti hakuwa na kosa, Biasha anasema hata leo. Ada ni ada. Wiki tatu hawakusemeshana.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa Ruponda. Alikwenda mwenyewe kumweleza Binti Rashidy, kwa kuwa habari kama ile haipigiwi simu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza mkono wake, akalitazama dole gumba mbele na nyuma.

"Kumbe wamenikata kidole," alisema, "na damu haikutoka."

Akafunika vibuyu vyake vya udongo. Hakuchora tena. Msimu wa shughuli ukaja, akatumiwa kuku, akawarudisha. Kuta za Ruponda zikabaki za kahawia msimu mzima.

Ndiyo maana Biasha yuko hapa leo. Alifikiri kwamba kama Dar wanataka msanii asiyejulikana, yeye atawapeleka wachoraji wake mahali ambapo kila mtu anapita, awajulishe kwa nguvu. Na huku hakuna siku watu wanapita kama siku ya mechi. Aliomba ukuta wa ghala kwa wiki tatu mpaka msimamizi akachoka kumwona. Kila picha ina jina, kijiji na dole. Wachoraji wamekaa chini ya kazi zao kwenye mikeka, Magreti akiwemo, kanga mpya kichwani.

"Nimekuja kuuza, sikuja kupatana naye," Magreti anasema kwa sauti ili Biasha asikie.

"Uza tu, mama ada," Biasha anamrudishia.

Saa saba anafika Mzee Shaban, mwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Amezunguka kamba mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua mbuzi.

"Wageni wangu ni watu wa madini," anasema. "Mtu akilala anauliza kila kitu. Nikiweka hii chumbani, akiniuliza nani kachora, nimjibu nini?"

"Huyu hapa, muulize," Biasha anamwonyesha Magreti.

Magreti anainuka, anajifuta mikono. Kwa nusu saa anaeleza udongo, uji, masizi, na kwa nini mwanamke kwenye picha anatwanga akiwa amegeuza uso: anaogopa vumbi la pumba, si kwamba ana aibu. Mzee Shaban anachukua manne ya Magreti, elfu sabini kila moja. Anaomba Magreti aweke dole tena nyuma, mbele yake, "nisije nikaambiwa nimeokota."

Magreti anarudi mkekani. "Yule wa Dar hakuniuliza hata kwa nini kageuza uso," anasema, safari hii kwa sauti ndogo. Biasha anampa mtoto amshike.

Msumari bado mtupu.

Saa tisa kasoro, uwanjani ngoma zimeshapamba moto, pikipiki inakata kona kutoka barabara ya Nachingwea. Nyuma ya dereva ameketi bibi mwembamba wa baibui lililofifia, amekumbatia gunia lililoviringishwa kama anayembeba mgonjwa.

"Mnatazama nini?" anasema Binti Rashidy kabla hajashuka. "Nishusheni, miguu imekufa."

Biasha anakimbia. Anamshusha kwanza, shikamoo inachelewa. Bibi anamwitikia marahaba hata kabla haijatoka.

"Nilisikia umeniwekea msumari," anasema. "Nikasema nisije nikaonekana mimi ndiye nisiyejulikana."

Gunia linafunguliwa. Ni kuku mmoja tu, mkubwa, ameinua shingo. Watu wanasogea, wanasogea tena, ndipo wanaona. Kuku yule hakuchorwa kwa kijiti wala kwa kitambaa. Kila unyoya ni dole gumba: jekundu kifuani, jeupe mbawani, jeusi mkiani, mamia ya madole, kuanzia kishungi mpaka kucha.

"Sasa yule wa Dar na akate," anasema Binti Rashidy. "Akate doa lote. Tuone atabaki na kuku gani."

Kicheko kinapasuka, hata wa mavuvuzela wanapuliza. Yule kijana wa asubuhi, aliyetaka kufuta, anauliza bei.

"Hauzwi," wanajibu Biasha na Magreti kwa pamoja, kisha wanatazamana.

Kuku huyo ana kazi nyingine. Nyuma ya banda lake la fremu kule Nachingwea, Biasha ameanza kujenga chumba. Matofali yamefika usawa wa madirisha, bati anatafuta. Anataka kabla mvua hazijaanza yale arobaini na saba yashuke kutoka juu ya kitanda chake, yakae ukutani, mtu wa Dar au wa popote anayetaka picha za Kusini aje azione hapa hapa, zikiwa na kona zao zote nne, na akitaka kumjua aliyechora apelekwe mpaka mlangoni kwake.

Anaulizwa kama ameshaandikisha kibao cha jina la chumba.

"Kibao cha nini?" anasema, akiugonga ule msumari wa mwisho uingie vizuri kabla ya kumtundika kuku. "Wanane watakuja, watachovya, wataweka madole juu ya mlango, tope likiwa bichi. Mwenye kutaka kukata, aje na sururu."