Hadithi Niliyoisimulia Saa ya Ushuhuda

Kitabu kile nilipewa na mama mmoja mzee wa kizungu, kule Queensburgh, ambaye nilikuwa nikimkatia majani kila Jumanne. Mwaka 2011 watoto wake walimhamishia kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi ya kuhama aliniita verandani akaniambia nichague kitu chochote. Nilichagua kitabu kwa sababu kilikuwa kidogo na jalada lake lilifanana na la kitabu cha nyimbo. Nilipokifungua nyumbani Cato Manor nikakuta ni hadithi fupi za Mskoti mmoja wa karne ya kumi na tisa.

Kiingereza changu nimejifunzia hapa ukimbizini, juu ya Kifaransa cha shule ya uinjilisti kule Kivu. Nilisoma na kamusi, ukurasa mmoja kila jioni baada ya sala. Sikutegemea kuwafahamu watu wale, lakini walikuwa watu wa milima yenye ukungu, wafugaji, wanaomcha Mungu na bado wanaogopa vitu vinavyotembea gizani. Wazee wa kanisa lao walikuwa wakali kama wale waliotulea sisi. Mwandishi hakuwacheka. Aliwaacha waseme hadi mwisho, na hadithi ikiisha hakuniambia nifikiri nini. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa sijui alikuwa mtu wa sala kiasi gani.

Hadithi mojawapo ilihusu mchungaji wa kondoo aliyepotea katika theluji. Majirani walimsihi mkewe aolewe tena, yeye akakataa, na kila jioni akamwandalia mumewe sahani mezani. Mwaka wa saba mlango ukasukumwa, na mume akawa amesimama pale. Hadithi inaishia mlangoni.

Kanisani kwetu, baada ya nyimbo, kuna saa ya ushuhuda. Mtu hupita mbele akaeleza Mungu amemtendea nini: amepata karatasi za ukimbizi, mtoto amepona. Jumapili moja kiongozi aliniona nimekaa kimya, akasema, “Papa, uko na neno?” Nikasimama nikaeleza habari za mchungaji yule. Nilikuwa nikifikiria mifano ya Bwana, ambayo hakuna anayeuliza majina ya watu wake. Nilisahau kwamba kwa saa ile na mahali pale, kinachosimuliwa ni kilichotokea. Akina mama walipiga vigelegele. Nikarudi kukaa nimefurahi, na sehemu ya furaha ile ilikuwa ya kujipenda.

Mmoja wa akina mama hao, ambaye sote humwita Maman, alikuwa msusi katika saluni moja mjini. Tulipokimbia vita, mumewe aligeuka njiani amchukue mama yake, na tangu hapo hakuonekana. Ilikuwa imepita miaka kumi na tatu. Mwanamume mmoja wa kwetu aliyefiwa na mkewe, mfanyakazi wa kiwandani Pinetown, alikuwa amemchumbia kwa muda mrefu, na mkutano wa wazee wa kupokea posa yake ulikuwa umepangwa mwisho wa mwezi.

Majuma mawili baadaye, siku ya Ijumaa, mwanamume huyo alikuja kwangu akiwa bado na ovaroli la kazi.

“Papa, yule mtu wa kondoo anaishi wapi?”

“Mtu gani?”

“Yule aliyerudi kwa mke wake. Maman amekataa mkutano. Anafunga, anasema na yeye atangoja. Mimi nilimwambia tumtafute huyo mtu, atuelezee alikuwa wapi. Kama iko watu wanapotea miaka saba na wanarudi, mimi sitaki kuchukua mke wa mtu.”

Alisema bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Amri ya kutoshuhudia uongo niliwafundisha watoto miaka mingi. Nilimwambia ukweli. Akatazama chini, kisha akasema, “Basi umwambie wewe, Papa. Mimi nikimwambia, ataona ninajitetea.”

Kesho yake asubuhi nilipanda taxi hadi mjini na kitabu mfukoni. Maman alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa. Mwenzake, msichana wa Bukavu, aliniona mlangoni.

“Papa, leo unasuka rasta? Nywele iko wapi? Hapa iko upara tu!”

Nilicheka kidogo, nikavuta kiti.

“Maman, nimekuja kwa ajili ya yule mchungaji wa kondoo. Hakuna mtu huyo.”

“Amekufa?”

“Hakuzaliwa. Mtu alikaa mezani akamtunga. Kitabu ni hiki.”

Vidole vyake viliendelea kusuka. “Na mke wake?”

“Na yeye ametungwa.”

“Na ile sahani?”

“Na sahani.”

Hapo vidole vikasimama.

“Papa, ulisimama mbele ya Mungu.”

“Ndiyo.”

“Watu wakapiga vigelegele.”

“Ndiyo, Maman. Nilikosa. Sikusema kwamba ni hadithi. Kesho nitasema mbele ya wote.”

“Mimi nimefunga siku kumi na mbili juu ya mtu wa kitabu!”

“Eish!” Msichana wa Bukavu aliangua kicheko, halafu akauona uso wa mwenzake, akanyamaza.

Maman alijifuta mikono. “Kwa hiyo unasema mume wangu amekufa.”

“Sijui. Mimi sina habari yake hata moja. Niliposimama pale, ulidhani ninayo.”

Kwetu mwanamke ambaye mumewe hajulikani aliko hufunguliwa aolewe tena kwa neno la ndugu wa mume. Kwa mwaka mzima Maman alikuwa na namba ya shemeji yake, ndugu wa mumewe, aliyeko Uvira, na hakuwahi kuipiga. Aliniomba nisiondoke. Akapiga simu, akaiweka mezani ili nisikie. Salamu zilikuwa ndefu: watoto, afya, mvua. Kisha akauliza.



“Shemeji,” sauti ya Uvira ikasema, “sisi tulilia zamani. Watu waliomzika walitufikia mwaka wa pili. Tulidhani mliambiwa huko kambini. Baadaye tukaona aibu kuuliza.”

Mteja, kichwa nusu kimesukwa, ndiye aliyemshika asianguke.

Jumapili nilisimama mbele nikakiri. Baadhi walicheka, mzee mmoja aliuliza kama na shuhuda zangu za nyuma zilitoka kitabuni. Nilimjibu moja moja, kwa subira, maana alikuwa na haki. Maman hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwangu Cato Manor, kwenye mkeka, akina mama wamemzunguka. Tulikaa matanga siku tatu. Viti vililetwa kwa bakkie, pikapu ya kuazima, na yule mwanamume wa Pinetown. Aliomba ruhusa kazini, akavishusha, akavipanga, kisha akakaa ukutani na wanaume wengine. Hakuna aliyemtajia mkutano, wala yeye hakuutaja.

Siku ya tatu, baada ya sala ya mwisho, Maman alitoka nje macho yamevimba. Akaenda mpaka pale ukutani.

“Jumamosi ya mwisho wa mwezi unafanya kazi?”

“Sifanyi.”

“Basi wazee wako waje.”

Mwanamume alinigeukia mimi kwanza, kana kwamba neno la kujibu liko kwangu. Nikamwambia ajibu mwenyewe.