Nilikuwa peke yangu kanisani, nikasikia mtu anaimba

Leo mchana nimetoka mbio kanisani bila viatu.

Mimi hupiga piano kanisani kwetu Isevya. Juzi nilikuta karatasi ya noti ndani ya kiti cha piano, imeandikwa kwa mkono, ina maneno ya Kinyamwezi, haina jina la mtunzi. Niliwauliza walimu wa kwaya. Hakuna aliyeujua wimbo huo.

Leo nikajifungia ndani, nikavua viatu, niujaribu. Mzuri jamani, wa polepole.

Nikiwa katikati, nikasikia sauti nyuma yangu inauimba. Kwa Kinyamwezi, neno kwa neno.

Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo.

Nikakimbia, nikafungua mlango, nikatoka nje.

“Mwanangu, unakimbia nini? Rudi umalizie.”

Alikuwa Bibi Kalunde, anayefua majoho ya kwaya. Alikuwamo stoo muda wote, anayakunja.

“Shikamoo, bibi. Umeujuaje?” nilimuuliza nikiwa bado nje ya mlango.

“Marahaba. Aliutunga baba yangu, kule Goweko. Tangu tumzike sijausikia.”

Tumeurudia mara tatu, yeye akiimba, machozi yakimtoka.

Jumapili tunaupiga.

Semeni kweli, nyie msingekimbia?