Dole Lililofunika Jina la Dafrosa

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne kasoro asubuhi, Kasimiri alirudishiwa barua ya mkewe kupitia dirisha la ofisi moja mjini Mpanda. Muhuri wa mtendaji wa kata ulikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Kosa, akaambiwa, ni dole gumba.

"Mzee, dole limefunika jina. Kaandike upya."

"Si jina lake na dole lake? Mwenyewe yuko kitandani, hawezi hata kukaa."

"Mimi nafuata utaratibu. Anayefuata!"

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Dafrosa, aliyeugua ini miezi saba, alitaka ekari tatu za Misunkumilo alizopewa na baba yake ziandikwe jina la binti yao, Monika. Hakujua kuandika, ndiyo maana akaweka dole. Lakini mstari wa saini ulichapwa ukabanana na jina lake. Nafasi ilitosha kalamu, haikutosha kidole cha mkulima.

Jumatano mji mzima haukuwa na umeme. Alhamisi, Kasimiri alipofika nyumbani na karatasi mpya, alikuta wanawake wamekwishakaa chini. Dafrosa alikuwa amekata roho.

Jirani mmoja akamvuta pembeni. "Baba Monika, mkono bado laini. Mbonyeze dole, nani atajua?"

"Nimwibie marehemu saini yake?" Kasimiri akamjibu.

Leo ana miaka 57. Aliishia darasa la nne, na anachapa barua za watu kwenye steshenari ya Recho, nyuma ya stendi. Ni palepale ilipochapwa barua ile.

"Alikuja na hasira," anasema Recho. "Nikamwambia, baba, kaa hapa kwenye kompyuta unioneshe unavyotaka wewe. Akakaa. Hajaondoka mpaka leo."

Anachapa kwa vidole viwili. Mteja wake asubuhi hii ni Nyanzala, mama mfugaji anayetaka mwanawe ahamishwe shule. Kasimiri anamaliza "Wako mtiifu", anashuka chini mistari minne mitupu, anachora mstari mrefu, anashuka tena, ndipo analiweka jina. Mstari wa nukta nukta hautumii kabisa.

"Nukta zinakimbia," anasema. "Ukiongeza neno moja mbele yake, zinamwagikia mstari wa chini, na saini inarukia ukurasa wa pili peke yake. Nao wanapata sababu ya kukurudisha."

Nyanzala anaichungulia skrini, anacheka. "Mzee, mimi nina dole, sina kwato ya ng'ombe. Uwanja wote huo wa nini?"

"Uache hivyohivyo, mama. Hao wa kule ndani huwajui."

Hapo utani unakwisha. Akiwataja wa kule ndani, sauti yake inapanda hadi wapita njia wanageuka.

"Wamekaa kwenye feni, kalamu tatu mfukoni! Wanajua wengi wetu tunaweka dole. Wamewahi kubandika hata karatasi moja ukutani, kwamba jamani acheni nafasi kiasi hiki? Hawajawahi. Wanangoja ukosee. Mke wangu alikuwa anahesabu siku, wao wanapima dole!"

Shamba sasa linalimwa na Osward, kaka wa marehemu. Anasema dada yake hakuacha karatasi iliyopokelewa popote, na kwa hilo hakosei. Monika, mwenye watoto wawili, amepanga chumba kimoja Kibaoni.

Kasimiri ameambiwa afungue mirathi. Hakatai, ila anataka kwanza barua ile ya Machi 11 ipokelewe, maana Dafrosa aliiwekea dole akiwa hai na akili zake timamu. Matumaini yake ni Monika apande mahindi yake mwenyewe mvua za Novemba zikianza.

Ameiandikia ofisi ile barua tatu, zote amezichapa mwenyewe. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna iliyojibiwa, ingawa kila moja ina swali moja tu: kanuni inayosema dole lisifunike jina imeandikwa wapi?