Shairi la Bibi kwa Kaka Yake

Bibi niliyekuwa nikimhudumia Kensington, Sydney, wakati wa korona alikuwa mshairi, Myahudi, aliyefika huko akiwa msichana mdogo baada ya Vita Vikuu vya Pili kuwamaliza watu wao Ulaya. Walibaki wawili tu, yeye na kaka yake, na kaka akaenda zake Kanada. Vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiingereza. Shairi la mwisho, alisema, ni la kaka, na litakuwa kwa Kiyidi, lugha ya mama yao. Nani mwingine angelielewa?

Sasa mipaka imefungwa, kaka anaumwa, na bibi macho yamekwisha. Analitunga kichwani, kesho yake nusu imepotea. Nikamwambia nimrekodi kwa simu. Weee! "Simu itanikosoa nikikosea?" Mkaidi kama mimi tu.

Basi nikasema nitalihifadhi mimi. Akacheka: utahifadhi vipi usichokielewa? Nikamwambia, bibi wee, sisi chuoni tulihifadhi juzuu nzima ya Kurani bila kujua Kiarabu, na ukikosea herufi bakora iko pale pale. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea!

Kila asubuhi, barakoa usoni, mimi namkanda miguu, yeye anatoa ubeti, naurudia. Bila kujijua nikawa nausoma kwa mahadhi ya chuoni. Nilipogundua niliona haya kweli, nikanyamaza. "Endelea," akasema. "Babu yangu aliisoma Torati hivyo hivyo." Kwenye treni ya kurudi kwangu Seven Hills nikawa narudia beti zangu kimoyomoyo, kumbe sauti inatoka, na abiria wakanihama wakidhani naweweseka kwa homa.

Siku ya simu ya video, asubuhi kwetu na jioni kwake, kaka alikuwa kitandani, amekonda, puani mpira wa oksijeni. Bibi akaanza vizuri. Ubeti wa nne akakwama. Akarudi nyuma, akakwama tena, mkono wake ukanitafuta. Jamani, niliogopa! Nikavuta pumzi, nikaushika ubeti pale alipouachia, nikaenda nao mpaka mwisho.

Mzee akalia, akacheka, akasema maneno mengi. Nikauliza, nimekosea?

"Anataka kujua mtoto huyu ametoka mji gani wa kwetu," bibi akasema, akijifuta machozi. "Nimemwambia Tanga. Anasema hakumbuki mji wenye jina hilo, lakini usimlaumu, amezeeka."