Mlango wa Kulia

Mwenzenu nimewahi kumpigia magoti fundi auharibu mlango aliotoka kuutengeneza.

Fundi akanitazama juu mpaka chini. "Dada, uko sawa kweli?"

Sikuwa sawa. Nilikuwa hoi bin taaban. Ngoja niwasimulie.

Nyumba yenyewe ni ya ukweni, kuukuu, imechoka kuliko mimi. Mume wangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo mzigo wote ukaniangukia. Wifi yangu alishatoa tamko: "Mama akianguka tena humo ndani, namchukua akaishi kwangu ghorofani. Sitaki mjadala."

Mama mkwe hakutaka hata kusikia habari hizo. "Nikaning'inie huko juu kama nguo kwenye kamba? Mwanangu, nitengenezee hapa hapa, nifie kwangu."

Nikaahidi. Mdomo huu jamani!

Vifaa vipya hatukuviweza, nikawa naokoteza. Matofali ya jiko lililobomoka niliyabandua saruji moja moja, yakawa njia ya bustanini. Dirisha nililipata kwenye nyumba iliyokuwa inavunjwa mtaa wa pili. Sinki lililopasuka nikalijaza udongo, nikapanda maua. Mgongo ukawa si wangu tena.

Fundi tulimwita Kesho, kwa sababu ukimuuliza lini, jibu ni hilo hilo. Siku aliyotokea, mama mkwe akaniita.

"Mwanangu, rekebisheni vyote. Ila mlango wa kulia msiuguse."

Mwisho wa korido kuna milango miwili. Kulia ni choo. Kushoto unatokea bustanini, na hapo kuna ngazi za kushuka. Nikamwambia Kesho wa kulia auache. Ule wa kushoto akaupiga randa, akatupa bawaba zilizooza, akafunga nyingine alizong'oa kwenye mlango wa stoo. Ukawa unafunguka kimya, mpaka raha.

Asubuhi yake nikasikia kishindo.

Mama mkwe yuko chini ya ngazi, juu ya matofali yangu, goti linavuja damu.

"Mama! Ulikuwa unaenda wapi?"

"Chooni."

"Choo si kile pale?"

"Mlango haukulia!" akasema kwa hasira. "Niliwaambia wa kulia msiuguse!"

"Haujaguswa mama, si ule pale?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Hakutazama kidole. Aligeukia sauti yangu.

Nikapunga mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa.

Nikakaa chini kando yake.

"Tangu lini, mama?"

"Usimwambie wifi yako." Akanishika mkono. "Yalififia taratibu. Humu natembea kwa masikio. Mlango ukilia ni wa bustani, nasimama. Usipolia ni wa choo, naingia. Marehemu baba yenu ndiye aliyeuita mlango wa kulia, maana ulilia kila siku, nami nilimsihi autie mafuta mpaka nikachoka."

Kumbe nilikuwa nimempofusha mara ya pili, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaangua kilio.

"Ona sasa," akasema, "unalia wewe badala ya mlango."

Nikazichakura bawaba zile kuukuu kwenye ndoo ya takataka, nikampelekea Kesho. Ndipo nikapiga yale magoti.

"Haya dada, kesho nita..."

"Leo!"

Akazirudisha. Na kwenye ngazi akafunga vyuma vya kitanda kibovu, viwe vya kushikilia. Tukausukuma mlango. Kwiiii!

Kutoka chumbani mama mkwe akaitikia, "Naam!"

Wifi alipokuja akaufungua, akakunja uso. "Nyumba nzima mmetengeneza, huu ndio umewashinda?"

Nilichoka jamani, hata nguvu za kuficha sikuwa nazo. Nikamwambia yote, mama yake akiwa pale pale anasikia. Maskini, aliinamisha kichwa, akangoja kuambiwa afunge mizigo.

Wifi alirudi mwanzo wa korido, akafumba macho, akaja akipapasa ukuta mpaka mwisho. Akasukuma.

Kwiiii.

Akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na macho bado kayafumba.

"Abaki," akasema. "Na nisione mtu anatia mafuta humu ndani."

Jamani, ukikuta kitu kibovu nyumbani kwa mzazi, kabla hujakitengeneza muulize kwanza kinamsaidia nini.

Mimi naenda kulala, mgongo unaniua.