Mama Kome na Chupa ya Maganda

Mtaani walimwita Mama Kome, naye akaitika bila kinyongo. Ujana wake wote aliumalizia maabara na kome, wale wa baharini wenye maganda mawili, akishikilia neno moja ambalo wenzake walilipokea kwa kuguna: kwamba kome hali kwa mdomo tu. Matamvua yake, yale ya kupumulia, pia hufyonza chakula kilichoyeyuka majini, zile asidi amino ambazo mwili hujengea protini.

Baba yake, fundi cherehani mstaafu asiyekubali jambo kichwa kichwa, alimbana amweleze zinapitaje. Akamwambia utando wa seli una vilango, na sodiamu ya baharini inapoingia, asidi amino huingia nayo, kama mtoto anayepenya harusini kwa kushika gauni la shangazi. Mzee akacheka, akasema hapo sasa amempata.

Mtahini mkuu wa shahada yake ya udaktari hakucheka. Alidai walaji ni bakteria walioganda kwenye maganda, akamtaka arudie jaribio mbele ya jopo. Likimshinda, kazi ya miaka yote imekwenda na maji.

Siku hiyo mzee alikuja na suti yake ya kutokea, akaketi karibu na mlango. Chupa moja ilikuwa na kome hai, nyingine maganda matupu yenye bakteria wale wale; maji ya zote mbili yalitiwa asidi amino kwa kiasi sawa. Kwenye kome hai, asidi amino zilipungua. Kwenye maganda, badala ya kubaki vile vile, ziliongezeka. Jopo likaridhika: bakteria hawakula kitu. Kalamu za kutia sahihi zikatoka mifukoni.

Mama Kome peke yake ndiye aliyerudi kuisoma tena namba ile. Maganda hayazai asidi amino. Akakumbuka kidole gumba chake.

"Chupa hii nimeiharibu mimi," alisema. "Nimeifuta mdomo kwa kidole kitupu, na jasho lina asidi amino. Naomba nianze upya."

Akavaa glavu, akaosha kila kitu, akaanza. Kufika alasiri maji ya maganda yalikuwa hayajabadilika, na katika ya kome hai asidi amino zimefyonzwa karibu zote. Mtahini mkuu akasimama, akampa mkono. Akiwa anatoka alimuuliza mzee kama ameielewa kazi ya binti yake.

"Nusu imenipita," alisema mzee, kifua mbele. "Ila nimemsikia akijisema mwenyewe, na mlikuwa mmeshampitisha. Huyo ni mwanangu."