Gari Langu Lisilokunywa Petroli

Ndugu wasomaji, nichekeni tu. Jumamosi nilimpeleka mama mkwe harusini Koboko kwa kigari nilichonunua Arua wiki hii. Yeye ni mjane wa dereva wa jeshi.

"Mwanangu, magoti yangu iko kwa kidevu," alilalamika.

"Vumilia, Mama. Gari hili halinywi petroli! Tazama mshale: tangu Arua haujashuka, unapanda tu."

Nilijisifu hivyo njia nzima. Karibu na Koboko boneti ikafuka mvuke, gari likazima. Lori la waalikwa likasimama, wote wakatuzunguka. Mama mkwe akachungulia pale kwenye usukani, akasema kwa sauti:

"Mwanangu, hii mshale iko ya joto ya injini. Ya petroli iko hii ingine, imelala."